Kasi ya karatasi haifikishi mama ku hospitali

Tangazo la vijana raia wa Lwiro juu ya barabara, reli na ramani ya intaneti



Mwaka jana, wakati wa mvua, gari moja yenye kubeba dawa ilikwama mu matope upande wa Kalehe. Jua lilikuwa linazama. Sisi tulikuwa tunapita kwa miguu, tukasimama kusukuma sawa vile kila mutu wa hapa anafanya. Shoferi akashuka na telefone mukononi, akatuonyesha ramani: "Angalieni ninyi wenyewe. Hapa wanasema njia iko muzuri. Ni nani aliandika hii bintu?"

Tukaangalia. Tukanyamaza. Ni sisi tulioandika.

Tuliandika miaka kadhaa mbele, mu mwezi wa saba, udongo ukiwa mukavu na njia ikiwa imetoka tu kuparuliwa na mashini. Mradi mmoja ulikuja na fulana, kofia na perdieme ya siku tatu, wakatufundisha kuchora barabara ku ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Tulichora vizuri, tukapiga picha ya pamoja, wakaenda. Tangu siku ile hakuna mutu aliyerudi kubadilisha neno hata moja. Mvua zilipita, madaraja yalienda na maji, lakini ku ramani ilibaki mwezi wa saba, siku zote jua.

Tunaanza na kosa letu juu hatutaki kupiga kelele ku mulango wa wengine na kwetu hatujafagia. Lakini tukisha kufagia, tutapiga kelele. Tena sana.

Tulijifunza wapi kwamba kasi iko na tarehe

Mutacheka. Tulijifunza ku treni.

Sisi ni watu wa lisansi. Wengine wetu tulisoma jeografia, wengine jeolojia, wengine maendeleo ya vijijini. Kazi hakuna. Kunakuwa masiku ambako kitu cha pekee unachoweza kufanya ni kununua mega kidogo, kutafuta mahali rezo inakamata, na kuangalia namna watu wa kwingine wanafanya kazi. Hivyo ndivyo tulikutana na OpenRailwayMap, ramani ya reli za dunia nzima ambayo watu wa kujitolea wanaijenga tangu 2011 juu ya data za OpenStreetMap. Iko na ukurasa moja wa kasi tu. Kila kipande cha reli kinapewa rangi kufuatana na kilometa zinazoruhusiwa kwa saa: bluu ni polepole, nyekundu ni mbio.

Vijana wa Lwiro, mahali ambako hakuna hata musumari moja wa reli, wanakesha kufuata mwendo wa treni za Uchina! Reli ya karibu ambayo wazee wetu waliijua ni ile wakoloni walijenga mu bonde la Ruzizi, kutoka Uvira mpaka Kamanyola. Ilifungwa mbele ya uhuru, na Bukavu haikufika hata siku moja.

Lakini angalieni jambo tulilolikuta. Tarehe 23 Julai 2011, karibu na muji wa Wenzhou mu Uchina, treni mbili za kasi ziligongana, watu 40 wakafa. Mwezi uliofuata, serikali yao ikaamuru reli zilizokuwa zinaenda kilometa 350 kwa saa zishuke ku 300. Ilichukua muda mpaka Septemba 2017 ndipo treni za kati ya Beijing na Shanghai zikapanda ku 350. Reli zilibaki palepale, lakini kasi ilishuka, tena ikapanda, na kila badiliko liko na siku yake na sababu yake. Mutu anayetunza ramani ya reli anapashwa kubadilisha namba ile kila mara, aandike ameitoa wapi, na namba ya zamani inabaki mu historia ili kila mutu aone nani alibadilisha nini, siku gani.

Hapo tulielewa kitu ambacho hatukufundishwa mu miaka yote ya univerisite. Kwanza kuna kasi ya fundi aliyechora. Kuna kasi ambayo wakubwa wanaruhusu leo. Halafu kuna kasi ambayo udongo wenyewe unaruhusu. Fundi anaweza kuandika chochote. Raia anaishi mu ile ya tatu.

Jirani anaenda 160, sisi tunaenda na Mungu

Mu mwaka wa 2024, ndugu zetu wa Tanzania walianza kupanda treni ya umeme: Dar es Salaam mpaka Morogoro tangu tarehe 14 Juni, kisha mpaka Dodoma tangu tarehe 25 Julai. Reli ile ilijengwa kwa kilometa 160 kwa saa. Maroko wao, tangu 2018, wako na treni inayofika 320 kati ya Tanger na Kenitra. Hatuna wivu. Tunawapongeza. Umeme ule unapita mu nyaya za shaba, na shaba Kongo tunaijua vizuri, inatoka kwetu kila siku mu makamio.

Sasa mu hotuba tunasikia kwamba reli ya Tanzania itapita Burundi, ivuke mpaka Uvira, iendelee mpaka Kindu. Kama itafika, tutacheza ngoma. Lakini tunaonya mapema: siku ya kukata kamba watatutajia namba. Watasema 120, watasema 160, na magazeti yataandika, na mutu atakimbia kuiweka ku ramani. Nani atakayerudi kisha mvua tano kuona kama treni ingali inaenda mbio ile?

Tunauliza juu tunajua reli tulizo nazo. Mu Katanga ya zamani na Maniema, safari iliyokuwa ya masaa imekuwa ya masiku. Mu mwezi wa tatu wa 2022, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba na watu ilianguka mu korongo karibu na Buyofwe, mu Lualaba. Zaidi ya watu 60 walikufa. Walipanda treni ya mizigo juu hapakuwa njia ingine. Ni nani kati yetu anaweza kufungua telefone leo na kuona ku reli ile wapi treni inapashwa kwenda polepole, tangu siku gani, na juu ya sababu gani? Uchina waliposhusha kasi, dunia nzima ilijua. Kwetu kasi inashuka bila tangazo, sawa mutu anayekonda polepole ndani ya nyumba.

Namba inafanya kazi hata wewe ukilala

Wengine watatuambia: "Ninyi mashomeri, ramani inakulwa?" Haikulwi. Lakini inaamua nani atakula.

Programu za kutafuta njia zinachukua barabara ku ramani na kuhesabu masaa. Kuna moja ya wazi inaitwa OSRM, inatumiwa sana. Barabara ikiwa imepewa cheo kinachoitwa "primary", na hakuna mutu ameandika kasi wala hali yake, ile programu inahesabu kilometa 65 kwa saa. Haina ubaya. Ilitengenezwa na watu ambao kwao barabara kubwa ni barabara kubwa. Sisi tulipima kipande kimoja cha kilometa nne ku RN2 kisha mvua, tukiwa ndani ya gari ndogo ya abiria: dakika makumi nne. Fanyeni hesabu. Ni kilometa sita kwa saa. Mutu wa miguu mwenye haraka angetufikia. Programu ingehesabu dakika zisizofika nne.

Sasa weka mama mwenye uchungu wa kuzaa mu hesabu ile. Weka mutu anayekaa ofisini mbali sana, anayepima ni vijiji gani viko "karibu" na hospitali na ni vipi viko mbali, ili ajue wapi atajenga poste ya afya. Ku meza yake, kijiji chako kiko dakika 20 na hospitali. Basi hakihitaji kitu. Anaenda kijiji kingine. Hakukuchukia. Amesoma tu namba ambayo hakuna mutu aliyeisahihisha.

Hiyo ndiyo maana tunasema kasi ya karatasi haifikishi mama ku hospitali. Inaweza hata kumuondolea hospitali yenyewe.

"Ya muda" ya kwetu

Kati ya wachora ramani wa dunia kuna sheria nzuri: usiandike vitu vya muda. Kama fundi wanatengeneza reli wiki mbili na treni zinapunguza mwendo, uache, zitarudi mbio mbele hata watu hawajapakua ramani mupya. Kwao ni sawa.

Kwetu, ya muda inazeeka kuliko sisi. Daraja la miti "la muda" linabeba makamio mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wanapata diplome. Kibao cha "kazi inaendelea" kinaoza palepale na kazi haijaanza. Tukifuata sheria ile sawa vile ilivyo, hatutaandika kitu hata kimoja cha maisha yetu.

Angalieni RN2, barabara yetu ya kwenda Goma kupitia Kavumu, Katana, Kalehe na Minova. Tarehe 4 Mei 2023, mvua ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, mu Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana mpaka leo, na njia ikakatwa. Je, hiyo ni ya muda? Mu mwezi wa pili wa 2024, vita ilifika ku njia ya kati ya Minova na Sake, magari yakashindwa kufika Goma. Hiyo nayo ni ya muda?

Na tarehe 3 Oktoba 2024, ile boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiona kwa macho kutoka ku nchi kavu. Makumi ya ndugu zetu walikufa. Boti ilijaa kupita kipimo, kila mutu anajua. Lakini ilijaa juu ya nini? Juu barabara ilikuwa imekufa, na hakuna ofisi iliyosema rasmi: barabara hii leo kasi yake ni sifuri, basi tuongeze boti, tuhesabu abiria, tutoe jile za kuogelea kwa kila mutu. Watu waliokataa kuandika sifuri ku barabara waliacha ziwa lihesabu lenyewe.

Hatusemi ramani ingeokoa wale. Tusidanganyane. Tunasema kwamba nchi ambayo haiandiki wapi njia zake zimekufa haiwezi kujitayarisha kwa vile watu watapita kwingine.

Lwiro inajua kuandika

Tuko wa kijiji cha pekee. Hapa kwetu ndipo Wabeleji waliweka taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mu 1947, ambayo leo ni Centre de Recherche en Sciences Naturelles. Tangu miaka ya 1950, mashini za hapa zinaandika mitetemeko ya udongo. Usiku na muchana. Vita ilipita, mishahara ilikosa, wakubwa walibadilika, na watu wa hapa waliendelea kuandika: siku gani, saa gani, nguvu gani. Wazee wetu wamoja walifanya kazi ile maisha mazima, na hakuna aliyewaita shujaa ku redio.

Tunauliza swali moja tu. Kama udongo ukitetemeka kidogo usiku Lwiro inajua, juu ya nini udongo ukibomoka mu barabara muchana, mbele ya macho ya wote, hakuna mutu anayeandika?

Jibu tunalijua. Mutetemeko hauna mutu aliyekula pesa zake. Barabara iko naye. Tangu 2008 sheria iliunda FONER, mufuko wa kitaifa wa kutunza barabara, na kila mutu anayenunua mafuta anachangia. Bariere za malipo ziko, mama anayepeleka mandizi Mudaka anazihesabu mu bei ya usafiri. Mahali ambapo hakuna namba, hakuna swali. Ndiyo maana tunaandika: siku tutakayosema "mwaka jana kipande hiki tulikipita kwa dakika kumi, leo ni makumi nne, pesa zilienda wapi?", hakuna atakayetujibu kwamba tunasema uongo. Tutafungua historia, tuonyeshe siku na mufuato wa GPS.

Kile tunachodai

Kwa Leta, mu Kinshasa na mu jimbo: mutangaze hali ya RN2 na RN3 kipande kwa kipande, kila mwezi, na siku iandikwe. Njia ikifungwa, museme imefungwa. Hamtapoteza heshima, muliisha kuipoteza mu matope.

Kwa wanaotuahidi reli ya Uvira na Kindu: mbele ya kutaja kilometa yoyote kwa saa, mutie mu mapatano kwamba kila upunguzo wa mwendo utatangazwa wazi kwa raia, na mahali, siku na sababu. Muanze na reli ambazo ziko leo. Watu wanaopanda treni ya mizigo wako na haki ya kujua wanapanda nini.

Kwa wanaosimamia pesa za barabara: muweke wazi kile kilichokusanywa na kile kilichotumika ku njia yetu. Sisi tutaweka pembeni kile saa ilisema.

Kwa ma-ONG na wafadhili wa ramani: asante kwa fulana. Lakini mukilipa kuchora, mulipe na kurudi. Barabara iliyochorwa mara moja na kuachwa ni mutego. Tuliona gari ya dawa ndani yake.

Kwa vijana wenzetu, na hii ni ya maana kuliko zote: musingoje mutu. Njia yetu ni hii, na kila mutu anaweza kuifuata.

Pita njia kwa miguu, kwa moto ao kwa gari, na uache telefone irekodi mufuato. Usiandike kasi ya kichwa chako, andika kitu ambacho mwingine anaweza kuja kuona: udongo ao lami, mashimo, daraja limevunjika ao liko. Weka hali ya barabara mu alama yake, juu programu inapokuta imeandikwa mbaya sana inapunguza mwendo yenyewe. Andika siku, andika kama ni kiangazi ao mvua. Rudi mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa kila majira. Ukikuta uliandika vibaya, sahihisha na useme. Na kitu kimoja hatuandiki hata kwa pesa: mahali askari wanalala, bariere ya watu wa bunduki, na mahali wakimbizi wamejificha. Ramani yetu ni ya kufikisha mama, si ya kufikisha risasi.

Sisi tumeanza. Kile kipande cha Kalehe tulichoandika "muzuri", tulirudi tukakipita tena, tukakibadilisha, na mu maelezo tuliandika ukweli: kwamba mara ya kwanza tulipita wakati wa kiangazi na hatukurudi. Kila mutu duniani anaweza kusoma haya yetu pale. Inachoma, lakini ni afadhali haya ku ramani kuliko gari ya dawa mu matope.

Yule shoferi hatujui jina lake. Usiku ule tulisukuma mpaka gari ikatoka, akatupatia mukono, akasema tu: "Mutengeneze, bana." Hakusema barabara. Alionyesha telefone.

Tunatengeneza, kaka. Na hatutanyamaza mpaka wale wa barabara nao watengeneze yao.

Imeandikwa Lwiro, Novemba 2024
Vijana raia wa Lwiro